Soka la wanawake ni soko lisilo na siku ya gulio

UCHAMBUZI

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila mfanyabiashara anaijua methali hii, na kila mfanyabiashara anajua pia mahali inapokwama. Kizuri hakijiuzi duka likiwa limefungwa, wala soko likifunguliwa siku ambayo mteja hakuambiwa.

Hiyo ndiyo hali ya soka la kimataifa la wanawake katika nchi zetu. Mashabiki wengi wa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo wanaweza kutaja kikosi kizima cha klabu ya wanaume ya Uingereza, lakini hawajui bingwa wa sasa wa Afrika Mashariki na Kati kwa wanawake. Ukiuliza sababu utaambiwa mpira wa wanawake hauna mvuto. Ukitazama rekodi, jibu hilo halisimami.

Tuanze na kalenda. Mashindano ya wanawake ya CECAFA yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1986 Zanzibar, na wenyeji wakawa mabingwa. Baada ya hapo kimya cha miaka 30. Yalirudi 2016 Njeru, karibu na Jinja, Uganda, Tanzania ikaifunga Kenya 2-1 katika fainali. Yakafuata ya 2018 Kigali, Tanzania ikatwaa tena. Mwaka 2019 Kenya ikalipa kisasi Chamazi, Dar es Salaam, kwa mabao 2-0. Kisha 2022 Njeru, Uganda ikaifunga Burundi 3-1. Kisha 2025 Dar es Salaam, kombe likarudi Tanzania.

Hesabu vipindi vya kati: miaka miwili, mmoja, mitatu, mitatu. Mwenye meza ya nyanya au vitenge anaelewa maana yake. Gulio hukua kwa sababu watu wanajua ni Jumatano au Jumamosi. Mteja hupanga fedha, mwenye gari hupanga safari, mama lishe hupanga sufuria. Soko linalofunguka leo na kufunguka tena baada ya miaka mitatu halijengi wateja hata bidhaa yake iwe bora namna gani. Na hata hivyo, mataifa matatu tofauti yamelibeba kombe hili tangu 2016, na Burundi imefika fainali. Huo ni ushindani wa kweli. Umekosa ratiba tu.

Mlango ulipofungwa kwa makusudi

Wanaosema wanawake hawavuti watu wangefaa kusoma historia ya Uingereza. Tarehe 26 Desemba 1920, mechi ya wanawake iliyochezwa Goodison Park, Liverpool, iliingiza watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata chama cha soka cha nchi hiyo kikawapiga wanawake marufuku kutumia viwanja vya wanachama wake. Marufuku ilidumu kiasi cha miaka 50. Brazil nayo iliwakataza wanawake kucheza kwa sheria kuanzia 1941 hadi 1979. Bidhaa haikukosa mnunuzi. Muuzaji alifukuzwa sokoni, halafu baada ya nusu karne akaambiwa hana wateja.

Milango ilipofunguliwa wateja walirudi. Aprili 2022 watu 91,648 waliingia Camp Nou kuitazama Barcelona ikicheza na Wolfsburg. Miezi mitatu baadaye, hapa hapa Afrika, zaidi ya watu 45,000 walifurika uwanjani Rabat katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, WAFCON, kati ya Morocco na Nigeria. Kombe la Dunia la 2023 nchini Australia na New Zealand lilikaribia watazamaji milioni mbili viwanjani.

Somo la jirani wa Nakonde

Kwa wanaovuka Tunduma kwenda Nakonde, mfano mzuri zaidi uko upande wa pili wa kizuizi. Zambia haina utajiri wa kutisha, wala ligi yake ya wanawake haina fedha za Ulaya. Lakini katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, nahodha wake Barbra Banda alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, akafunga mengine matatu katika mechi iliyofuata dhidi ya China. Zambia ilipoteza ya kwanza 10-3 na kutoka sare ya 4-4 katika ya pili. Watu walicheka yale kumi. Wenye jicho waliona yale saba.

Mwaka 2022 Zambia ikawa ya tatu Afrika na kukata tiketi ya Kombe la Dunia. Julai 2023, katika mechi ya kirafiki, ikaifunga Ujerumani 3-2 kwao. Februari 2024 Rachael Kundananji alinunuliwa na klabu ya Bay FC ya Marekani kwa zaidi ya euro 700,000, bei ambayo wakati huo haikuwahi kulipwa kwa mwanamke yeyote duniani. Mwaka huo huo Banda alifunga bao pekee lililoipa Orlando Pride ubingwa wa Marekani.

Vuka sasa Kasumulu uingie Malawi. Temwa Chawinga alifunga mabao 20 katika ligi ya Marekani mwaka 2024 akiwa na Kansas City Current, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Dada yake, Tabitha, amewahi kuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia.

Hawa ni majirani zetu. Wametoka katika miji yenye vumbi kama yetu, wanakula ugali kama wetu. Kilichowatofautisha si damu. Zambia ilikuwepo kila mashindano yalipofunguliwa, hata ilipofungwa kumi.

Ukanda wetu haukuwepo kila mara. Katika safari ya kufuzu WAFCON ya 2022, Kenya ilipangwa na Uganda. Mvutano kati ya serikali na shirikisho la soka la Kenya ukaivuruga timu, Kenya ikatoka, Uganda ikapita bila kupiga mpira. Wachezaji wa Harambee Starlets hawakufungwa na mtu. Walipoteza miaka kwa ugomvi wa ofisini. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake umewahi kuozea mpakani kwa sababu wakubwa wawili hawaelewani anajua uchungu huo bila kuelezwa.

Jinsi ya kutazama

Shabiki mgeni hukosea anapoutazama mpira wa wanawake huku akitafuta kasi na nguvu za wanaume. Kitenge hakipimwi kwa kilo, wala mchele kwa mita. Kila bidhaa ina kipimo chake.

Tazama nafasi kati ya mabeki na viungo. Katika timu nyingi za wanawake za Afrika nafasi hiyo ni kubwa, na mchezaji mwenye akili hukaa humo kama mjasiriamali aliyeona pengo la soko. Tazama pasi ndefu nyuma ya beki: ndiyo silaha ya Zambia, na ndiyo sababu mechi zao huwa na mabao mengi. Katika Olimpiki ya Paris 2024 waliifunga Australia mabao matano na bado wakapoteza 6-5. Anayelalamika kwamba mpira wa kisasa umejaa kujilinda hakuiona mechi hiyo.

Tazama pia ukakamavu wa timu ndogo. Katika WAFCON iliyochezwa Morocco Julai 2025, Tanzania ilipangwa na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Opa Clement akaitanguliza Twiga Stars, na Banyana Banyana wakahangaika hadi kipindi cha pili kusawazisha. Matokeo, 1-1. Kwenye jedwali ni pointi moja tu, na Tanzania ilitoka hatua ya makundi baada ya kufungwa na Mali 1-0 na Ghana 4-1. Lakini shabiki aliyeitazama mechi ile anajua kwamba umbali kati yetu na mabingwa umepungua.

Na tazama fainali ile. Morocco waliongoza 2-0 nyumbani kwao mbele ya umati wao. Nigeria wakarudisha yote mawili, kisha wakafunga la tatu, wakaondoka na ubingwa wao wa kumi.

Tatizo ni kuiona. Saa za Morocco ziko nyuma ya zetu. Mechi inayoanza saa tatu usiku Rabat, kwa aliyeko Namanga ni saa tano, na kwa aliyeko Goma au Bujumbura ni saa nne. Mwanamke anayepanga foleni mpakani alfajiri hawezi kukesha. Hata akitaka, kibanda umiza cha saa tano usiku si mahali anapojisikia salama, na mwenye kibanda kwa kawaida ameweka marudio ya mechi ya wanaume. Kwa hiyo yule ambaye mchezo huu ungemgusa zaidi, na wanawake ni sehemu kubwa ya wafanyabiashara wadogo wa mipakani, ndiye anayeuona kwa nadra.

Shabiki asiye na pasipoti

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa gazeti hili atalielewa haraka. Wachezaji hawa ni wafanyakazi wa kuvuka mipaka kabla ya siasa kukamilisha mikataba yake. Katika fainali ile ya 2019 Chamazi, mabao yote mawili yaliyowaliza Watanzania yalifungwa na Mkenya Jentrix Shikangwa. Miaka michache baadaye Shikangwa alikuwa akiichezea Simba Queens ya Dar es Salaam, na watu wa jiji lile lile wakawa wanaimba jina lake. Mkenya mwenzake Corazone Aquino naye aliivaa jezi hiyo. Mwaka 2022 Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na ilikwenda kule kwa jina la CECAFA nzima, kwa kuwa ukanda mzima una nafasi moja.

Njia hiyo ya ushabiki ina faida. Anayeshangilia taifa lake peke yake ana mechi chache za kutazama kwa mwaka, na nyingi humwisha hamu mapema. Anayeuchukua ukanda wote ana msimu mzima: Burundi ilipofuzu WAFCON kwa mara ya kwanza 2022, wasichana wa Tanzania chini ya miaka 17 walipoifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia India mwaka huo huo, wasichana wa Kenya walipokuwa timu ya kwanza ya nchi yao kucheza Kombe la Dunia lolote la FIFA, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico 2-1. Hakuna sheria ya forodha inayomkataza Mganda wa Malaba kufurahia hayo.

Nini kifanyike

Mpaka sasa hakuna nchi ya CECAFA iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la wanawake la wakubwa. Kenya na Tanzania zimefuzu fainali za WAFCON za 2026, Kenya kwa kuitoa Gambia na Tanzania kwa kuitoa Ethiopia. Timu nne zitakazofika nusu fainali zinakwenda moja kwa moja Brazil 2027. Mlango uko wazi kuliko wakati wowote.

Lakini timu haziandaliwi kwa maombi. CECAFA iweke tarehe ya kudumu ya mashindano ya wanawake, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na isiivunje. Mwaka huo huo wa 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitakuwa wenyeji wa AFCON ya wanaume, na viwanja vipya vilianza kujengwa Nairobi, Arusha na Hoima. Mashirikisho yanapaswa kusema sasa nani atavijaza baada ya wageni kuondoka. Uwanja wa Arusha ni safari ya takriban saa mbili kutoka Namanga. Mechi ya Twiga Stars na Harambee Starlets siku ya Jumamosi saa tisa alasiri, kiingilio cha bei ya sahani ya wali, ingevuta watu wa pande zote mbili. Mwenye daladala atapata, mwenye mahindi ya kuchoma atapata, muuza jezi atapata.

Fedha nazo zinaanza kusogea. CAF iliongeza zawadi ya bingwa wa WAFCON ya Morocco hadi dola milioni 1, mara mbili ya awali. Bado ni mbali na dola milioni 7 alizopata bingwa wa wanaume wa AFCON ya 2023, lakini pengo hilo halitazibwa na hotuba. Litazibwa na watazamaji, kwa sababu mdhamini hufuata macho ya watu kama mchuuzi anavyofuata kituo cha basi.

Hapo ndipo shabiki wa mpakani ana sauti kuliko anavyodhani. Mwambie mwenye kibanda unataka mechi ya wanawake, na nenda na wenzako watano siku hiyo. Chama cha wafanyabiashara kinachokodi ukumbi kwa mkutano wa mwezi kinaweza kukodi televisheni kwa mechi moja, kikaketi na watoto wa kike mchana, kwenye mwanga, bila hofu. Mwenye kibanda haongozwi na chuki wala mapenzi. Ataweka kile kinacholipiwa.

Soko halijengwi na muuzaji peke yake. Kuna siku mteja naye hulazimika kufika mapema, kubisha hodi, na kusema: fungueni, tumekuja kununua.