Dhamana ya Polisi Haiuzwi

Katika vituo vingi vya polisi hapa Uganda kuna tangazo ukutani: dhamana ya polisi ni bure. Chini ya tangazo hilohilo, ndugu wa mahabusu huambiwa watoe pesa za "mafuta ya gari" au za "karatasi". Huu ni wizi, tuuite kwa jina lake.

Katiba ya 1995, kifungu cha 23, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kabla ya hapo polisi wanaweza kumwachilia kwa dhamana. Kinachotakiwa ni wadhamini wanaoaminika, kwa kawaida wenye kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC1. Pesa taslimu ni jambo la mahakama: hakimu akiagiza, hulipwa kwa risiti, na mshtakiwa asiyekwepa kesi hurudishiwa.

Wapo watakaosema maskini hana wakili. Lakini mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society huwahudumia wasio na uwezo, na FIDA-Uganda huwasaidia wanawake. Tatizo ni kwamba wengi hawajui pa kubisha hodi, na polisi mla rushwa anaishi kwa kutojua huko. Anayetozwa adai risiti. Afisa asiyeweza kuiandika hana haki ya kupokea hata shilingi moja.