Sare na Mtoto Aliye Nje ya Lango

Katika wiki ya kwanza ya muhula mji wa Kakamega huvaa rangi nyingi kuliko wakati mwingine wo wote wa mwaka. Ukisimama karibu na kituo cha magari asubuhi utaona wanafunzi wakishuka makundi kwa makundi, kila kundi na sweta za rangi yake: kijani, zambarau, buluu, nyekundu iliyoiva. Mwenyeji hana haja ya kusoma nembo kifuani. Huitambua rangi kwa mbali akasema huyu ni wa shule fulani, na yule wa shule fulani. Ni jambo zuri la kutazama, nami hulitazama kila mwaka, wala sioni haya kukiri kwamba moyo wangu hufurahi.

Lakini ondoka kituoni, ufuate kundi moja mpaka kwenye lango la shule yake. Hapo utaona watoto watano au sita waliosimama nje, migongo imeegemea ua, vitabu mikononi. Mmoja ana shati la shule, lakini sweta yake ni ya mtumba na haina nembo. Mwingine ana sweta, lakini sketi yake imeshonwa kwa kitambaa kilichokaribiana na kile kilichoagizwa, bila kuwa chenyewe. Wote wameambiwa neno moja: rudini nyumbani, mje mkiwa mmekamilika. Kengele imelia, wenzao wanaimba ndani, nao wako nje.

Msomaji mpenzi, insha hii ni juu ya watoto hao. Watu hubishana juu ya sare kana kwamba swali ni moja tu, kuvaa au kutovaa. Nasema tangu sasa, usije ukanidhania vingine, kwamba mimi ni mtetezi wa sare na nataka ibaki. Lakini nasema vile vile kwamba shule imrudishayo mtoto nyumbani kwa ajili ya sare imekwisha ivunja maana ya sare, na kwamba sisi tuipendao ndio tupaswao kuwa wa kwanza kuikataa desturi hiyo.

Yafaa nianze kwa kuziondoa hoja mbovu za upande wangu mwenyewe. Husemwa kwamba sare huleta nidhamu. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 za sekondari katika Kenya zilitiwa moto; mabweni yaliteketea, na mara nyingi mikono iliyowasha kiberiti ilidaiwa kuwa ya wanafunzi wenyewe. Hawa hawakutoka katika shule zisizo na sare. Tai walikuwa nazo, na nembo walikuwa nazo. Kitambaa hakikuweza kuwazuia, maana nidhamu haishonwi kwa cherehani.

Husemwa tena kwamba sare huficha umaskini, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakawa sawa. Wewe unayeketi darasani kila siku wajua kwamba sivyo. Shati la kijana mmoja ni jeupe kama pamba. La mwenziwe limegeuka rangi ya maziwa yaliyokaa, na kola yake imepinduliwa na fundi ili upande uliochakaa usionekane. Viatu husema, soksi husema, na mkoba husema. Sare hupunguza kelele ya mali, nakubali, na hilo si haba. Lakini haiwezi kuizima.

Basi kwa nini naitetea? Nakuomba ukumbuke mzee mmoja. Mwezi wa Januari mwaka wa 2004, mwaka mmoja tu baada ya Serikali kuondoa ada katika shule za msingi, Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha katika darasa la kwanza la shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Umri wake ulikuwa miaka 84. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Na mzee huyo, mwenye wajukuu, alikwenda shuleni amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wa darasa lake. Picha zake zilizunguka dunia. Wengine walicheka. Mimi naona kwamba Mzee Maruge aliifahamu sare kuliko maprofesa wengi: kwa nguo ile alikuwa akitangaza kwamba yeye ni mwanafunzi, na kwamba ana haki ya kukaa pale kwenye dawati kama mwingine ye yote.

Hiyo ndiyo kazi ya sare, nayo ni kubwa. Msichana atembeaye peke yake alasiri katika njia ya Shinyalu, mwendesha pikipiki amwonaye, mwenye duka amwonaye na mzee aketiye chini ya mti amwonaye wote hujua kwamba huyu ni mtoto wa shule, yuko chini ya ulinzi wa watu wazima, na akionekana sokoni saa nne ya asubuhi sharti aulizwe sababu. Nguo ile yasema: huyu ni wetu. Ni alama ya kukubaliwa. Sasa niambie, alama ya kukubaliwa yawezaje kugeuzwa kuwa bei ya kukubaliwa?

Haikuwa hivyo hapo zamani. Desturi hii tuliipokea kutoka Uingereza, na miongoni mwa sare za kale zaidi kule ni ile ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka wa 1552 kwa ajili ya watoto maskini na wasio na wazazi. Wanafunzi wake walivikwa makoti marefu ya buluu, na vazi hilo huvaliwa mpaka leo. Tazama vizuri mpango wake. Mtoto hakuulizwa langoni, koti lako liko wapi? Aliingia uchi wa umaskini wake, ndipo akapewa koti. Sisi tumelichukua koti, mpango wenyewe tukauacha njiani.

Pengine waniona nasema kwa huruma tu. Basi njoo Butere na Mumias, sehemu ya kaunti yetu hii ya Kakamega. Mwaka wa 2003 watafiti walianza kazi katika shule za msingi 328 za wilaya za wakati ule za Butere-Mumias na Bungoma. Katika nusu ya shule hizo wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Katika nusu nyingine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Kwanza watazame wasichana wa shule ambazo hazikupewa msaada wo wote: baada ya miaka mitatu, katika kila 100 wasichana 19 walikuwa wameacha shule. Penye sare za bure peke yake, walioacha walikuwa 16. Na waliokwisha kushika mimba walikuwa 16 katika kila 100 kule, na 13 huku. Wavulana nao walibaki shuleni kwa wingi zaidi.

Soma tarakimu hizo polepole. Hawakupewa mwalimu mpya wala darasa jipya. Walipewa nguo. Ada ilikuwa imekwisha ondolewa na Serikali mwezi wa Januari mwaka ule ule, na katika nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Watu walishangilia kwamba elimu sasa ni bure. Kumbe kando ya mlango uliofunguliwa palikuwa na kizuizi kidogo cha kitambaa, na kizuizi hicho kilitosha kuwapoteza watoto watatu katika kila 100.

Sare ni kitu kidogo kwa mtu mwenye mshahara. Kwa mkulima wa miwa ni jambo jingine. Kwa miaka mingi nyumba za pande za Mumias zilipanga maisha yao kwa malipo ya miwa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliposhindwa na madeni, ikawekwa chini ya mrasimu mwezi wa Septemba 2019, tayari wakulima walikuwa wakidai fedha zao. Shule hazikubadilisha rangi za sweta kwa sababu hiyo, wala muhula haukungoja.

Na mvua! Mtu asiyeishi kwetu hawezi kujua uzito wa neno hili. Kakamega ni nchi ya msitu na mvua, na alasiri nyingi mawingu hushuka wakati ule ule watoto watokapo shuleni. Mtoto mwenye sare moja hufika nyumbani amelowa, na matope mpaka magotini. Nguo hufuliwa usiku, ikatundikwa juu ya mafiga. Asubuhi haijakauka, na inanuka moshi. Akivaa yaliyo mabichi, huitwa mchafu. Akingoja yakauke, huitwa mchelewaji. Akivaa nguo nyingine, hurudishwa nyumbani. Nilisoma na kijana wa namna hiyo. Alikuwa mbele yetu sote katika hesabu, na moshi ulikuwa katika shati lake siku zote. Muhula mmoja alirudishwa mara ya tatu kwa ajili ya sweta, na mara ile hakurejea. Walimu wetu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitimiza kanuni tu, na sisi tulimaliza zoezi la hesabu siku ile bila kuliuliza dawati lake.

Najua nitajibiwa: ukimruhusu mmoja kuingia bila sare, kesho wote wataiacha. Hofu hii haina msingi. Hapana mtoto apendaye kuwa yeye peke yake katika rangi tofauti mbele ya wenzake 600. Mtoto wa mtumba pale langoni hakuikataa sare. Anaitamani kuliko wewe unayeivua kwa uchovu jioni. Asiye nayo hakaidi, hana. Na mkaidi, kama yuko, ana adhabu zake ndani ya shule, adhabu zisizomnyima somo.

Nitajibiwa pia kwamba wazazi wengine ni walevi na wazembe, fedha wanazo lakini hawanunui. Na iwe hivyo. Je, kosa la baba mlevi hulipwa kwa masomo ya mwanawe? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto shule. Sasa mtoto amepelekwa, amefika, yuko langoni saa moja ya asubuhi, na anayemzuia si mzazi. Kwa sheria gani?

Tena kuna jambo la duka, nalo halitajwi sana katika mikutano ya wazazi. Mara nyingi sweta huwa ghali si kwa sababu ya uzi wake, bali kwa sababu ya nembo ndogo iliyofumwa kifuani na duka moja tu lililoruhusiwa kuiuza. Mafundi wa sokoni Kakamega wana cherehani zao na mikono yao. Wangeshona sketi ile ile kwa bei ya kujadiliana, na malipo kidogo kidogo. Wakiambiwa kwamba kitambaa sharti kitoke duka fulani, fundi amekosa kazi na mzazi amekosa nafuu. Waingereza wenyewe, waliotuachia desturi hii, walitunga sheria mwaka wa 2021 kwa ajili ya shule za England, ili shule ziangalie gharama ya sare na kupunguza vitu vyenye nembo. Na Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, tangu mwaka wa 1993 imekuwa ikiwapa wanafunzi kitambaa cha sare kwa gharama ya Serikali, na pengine hati ya kukinunulia. Kama sare ni lazima, basi anayeilazimisha ndiye aibebe, au angalau airahisishe mpaka kila fundi aweze kuishona.

Nimesema na Serikali, nimesema na shule. Sasa nasema nawe. Katika shule nyingi mtu anayesimama langoni na kuhesabu vifungo si mwalimu. Ni kiranja, na kiranja ni mwanafunzi kama wewe, pengine ni wewe. Unaweza kuandika jina la mwenzako katika daftari la wakosaji, na unaweza kwenda kwa mwalimu wa zamu ukamwambia, Mwalimu, huyu hana sweta, naomba aingie kwanza. Nimepata kumwona msichana wa kidato cha tatu akisema maneno hayo kwa sauti ya kutetemeka. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, akasema, haya, aingie. Jambo lenyewe halikuchukua dakika mbili.

Na ninyi mnaomaliza, nguo zenu huenda wapi? Katika shule nyingine siku ya mwisho hugeuka sherehe ya kuandikiana majina kwa wino juu ya mashati, na sweta nzima ikawa tambara la kusafishia baiskeli. Rafu moja katika stoo ya shule yatosha. Kila anayeondoka aache shati, sketi au suruali na sweta moja, zikiwa zimefuliwa. Ufunguo akae nao mwalimu mmoja mpole, asiyependa maneno mengi. Mtoto asiye na sare asiitwe jina mbele ya paredi. Aitwe pembeni kabla ya somo la kwanza, apimwe, avae, aende darasani. Kama sweta ni kubwa, mikono itakunjwa.