Asiyeona hakuomba kukalishwa kitini

Siku ya kambi ya macho, uwanja wa kanisa katika kijiji alikozaliwa mama yangu, huko Mwea, hujaa watu kabla umande haujakauka. Wazee huja wameshikwa mkono na wajukuu. Wengine huongozwa kwa fimbo, mtoto akiwa ameshika ncha ya mbele na nyanya yake ncha ya nyuma. Chini ya mwembe hutundikwa karatasi yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, kubwa juu na ndogo chini, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa vidole upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Ukimaliza hapo daktari anakumulika jicho kwa tochi, kisha unaambiwa lako.

Mwaka 2022 tulimpeleka mjomba wangu katika foleni hiyo. Mbele yetu alikuwa nyanya mmoja ambaye mboni zake zilikuwa zimegeuka nyeupe kama maziwa. Huyo alikuwa na mtoto wa jicho. Aliandikiwa kadi, akapandishwa basi la hospitali pamoja na wenzake, na kesho yake bandeji ilipofunguliwa alimtazama mjukuu wake akamuuliza ni nani aliyemnyoa vibaya hivyo. Kijiji kizima kilicheka. Upasuaji wa mtoto wa jicho hauchukui hata nusu saa kwa daktari aliyezoea kazi: kioo cha jicho kilichoingia ukungu hutolewa na kingine kidogo cha kutengenezwa huwekwa mahali pake. Hizo ndizo habari ambazo sisi wanahabari hupenda kuandika, na picha ya bandeji ikifunguliwa haikosi mahali gazetini.

Mjomba hakupewa kadi ya basi. Daktari alimpima muda mrefu kuliko wengine, kisha akatuita kando. Ilikuwa presha ya macho, ile ambayo wataalamu huiita glakoma. Maji yaliyo ndani ya jicho husukuma kupita kiasi, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa polepole. Kwa watu wengi hakuna maumivu. Mtu huanza kupoteza kando, akawa anajikwaa kwenye ndoo na kuwagonga watu mabegani, lakini kwa kuwa bado anaona mbele yake hudhani ni uzee tu. Mjomba alikuwa amegonga mlingoti wa simu kwa baiskeli mara mbili, nasi tukasema ni pombe. Kilichokwisha kupotea katika ugonjwa huu hakirudi. Dawa ya matone hulinda kilichobaki, na kwake kilichobaki kilikuwa kama mwanga wa dirisha unaoonekana mtu akiwa amefumba macho. Daktari aliongeza jambo moja kwa mama yangu, ambaye ni dada yake: kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na kwamba ndugu na watoto wote wapimwe. Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi pia niliitikia.

Tukarudi nyumbani, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nataka kulieleza leo, kwa sababu najua si jamii yetu pekee iliyolifanya.

Tulimkalisha mjomba kitini. Kilikuwa kiti kizuri, chenye mto, barazani mahali penye jua la asubuhi. Mkewe alimletea maji ya kunawa, chai, chakula, na baadaye akaanza kumlisha kwa sababu alikuwa akimwaga mchuzi. Wanawe walimnyolea ndevu. Simu yake ilichukuliwa na kijana wake mkubwa, pamoja na namba ya siri ya M-Pesa, ili asisumbuke. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa gredi ya tano, alipewa kazi ya kumpeleka msalani na kanisani, na siku za soko hakwenda shule. Wageni walikuja kumwona, na nawaambia kweli, wengi walimuuliza mkewe, "Mzee hunywa chai ya maziwa au ya rangi?" naye mzee yupo hapo hapo, masikio yake mazima.

Huyu alikuwa fundi wa baiskeli kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu kitini alinenepa, akawa hasemi, na mama alipompigia simu alikuwa akijibu, "Nipo tu." Hakuna aliyemtendea ubaya. Ndiyo maana hatukuliona.

Aliyemwinua si sisi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alifika mtu mmoja kutoka chama cha kuwahudumia wasioona, baada ya muuguzi wa ile kambi kuwapelekea majina ya wale ambao hawakupanda basi. Alikuja kwa matatu, akashuka barabarani, akauliza njia, akafika hadi langoni peke yake. Naye haoni. Mjomba alipoambiwa hivyo alidhani anadanganywa, hata akaomba ashike ile fimbo nyeupe kwa mikono yake. Mgeni alimpa, akamwambia, "Mzee, hii si bakora ya kuegemea. Hii ni kidole changu kirefu."

Kwa wiki kadhaa mtu huyo alikuwa akija kila Jumanne. Alianza na familia. Alituambia tusimsukume mzee mbele yetu wala kumvuta mkono kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Yeye ndiye atushike kiwiko, nasi tutangulie nusu hatua, ili ausikie mwili wetu ukishuka au kupanda. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, kwa maana mlango ulioachwa nusu humpasua mtu paji la uso. Ukiingia chumbani sema jina lako, na ukitoka sema unatoka, usimwache mtu akizungumza na ukuta. Jembe liwe na mahali pake na thermosi iwe na mahali pake.

Kisha akamgeukia mjomba. Fimbo hupigwa kushoto mguu wa kulia unapotangulia, na kulia mguu wa kushoto unapotangulia, upana wake ukipita mabega kidogo. Chai humiminwa kidole kikiwa kimeinamia ukingo wa kikombe. Pesa hukunjwa: elfu moja mara mbili, mia tano mara moja, na ndogo zikae zimenyooka. Noti zetu zilizotolewa mwaka 2019 zina alama za kupapaswa zilizowekwa kwa ajili ya wasioona, ingawa mjomba husema noti ikishapita kwa mama mboga na kondakta mara mia, alama hizo huwa zimekwisha kama soli ya kiatu. Na namba ya M-Pesa? Mwalimu aliuliza ni nani aliye nayo. Kimya kikapita pale barazani. Siku hiyo hiyo namba ilibadilishwa, na simu ikawekwa sauti ya kumsomea mwenyewe ujumbe.

Kwenye sahani palikuwa na kisa. Asiyeona huelezwa chakula kwa mpangilio wa saa: kilicho juu ni saa sita, kilicho chini ni saa kumi na mbili. Mwalimu alimwambia mjukuu aweke nyama saa tisa, yaani upande wa kulia, pale mshale unapoelekea kwenye namba tatu. Mtoto wa watu, aliyezoea saa ya Kiingereza darasani, alitafuta namba tisa, akaiweka nyama kushoto. Mjomba alichokora upande wake wa kulia, akapata sukuma wiki tupu, akasema kwa mara ya kwanza tangu kambi ile jambo la kuchekesha: kwamba hata upofuni Kiswahili na Kiingereza bado vinagombania nyama.

Nilipoona hayo nilitaka kujua vyama vya namna hii vilitoka wapi. Shule ya wasioona ya Thika ilifunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kenya Society for the Blind iliundwa kwa sheria mwaka 1956, na miaka mitatu baadaye, 1959, wasioona wenyewe wakaanzisha chama chao, Kenya Union of the Blind. Kuna tofauti kati ya chama cha kuwahudumia watu na chama cha watu wenyewe, na nchi inahitaji vyote viwili. Huko Machakos kuna chuo ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha kazi za mikono watu waliopoteza kuona wakiwa watu wazima.

Wengi wetu twalijua jina la mmoja aliyepitia njia hiyo. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza kuona mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa na ndoto ya kuwa mwanariadha. Alisaidiwa na kliniki ya macho ya hospitali ya Kikuyu, akapelekwa Machakos kujifunza kufuma masweta, na hapo akaanza kukimbia tena akiwa na mtu wa kumwongoza. Mwaka 2000, katika michezo ya Paralimpiki mjini Sydney, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kwa ugonjwa kabla ya mbio za mita 5,000 kumalizika, naye Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemvuta mwenzake hadi mwisho na kunyakua dhahabu. Watu hukumbuka ile medali. Mimi siku hizi hukumbuka masweta, kwa maana bila mtu wa kumtoa nyumbani na kumpeleka Machakos, huenda tungekuwa na kijana mwingine kitini.

Kufika kwa watu ndiko kugumu. Kambi ikishaondoka, karatasi ya rufaa hubaki nyuma ya kabati pamoja na risiti za zamani. Hapo kwetu Kenya, katika kaunti ya Trans Nzoia, watafiti waliligusa jambo hili kwa watoto wa shule 50. Katika shule 25 walimu walipima macho kwa kutumia simu, na wazazi wa watoto wenye kasoro wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Katika nyingine 25 watoto walipimwa kwa njia ya kawaida na kupewa barua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kati ya kila watoto 100 waliotakiwa kwenda hospitali, kundi la simu walikwenda 54, na kundi la barua 22 tu. Njia hiyo ya simu iliongeza zaidi ya mara mbili. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyo: hata waliokumbushwa, karibu nusu hawakwenda. Ni wazazi wanaopenda watoto wao, bila shaka. Nauli haikutosha, au mahindi yalikuwa yakivunwa, au jicho halikuwa likiuma.

Kwa hiyo ninapoulizwa chama cha wasioona hufanya nini mashinani, sijibu tena kwamba hugawa fimbo na miwani. Hubisha hodi mara ya pili, na ya tatu. Hukaa na mke wa mtu na kumweleza kwamba kumlisha mumewe ni kumpokonya kijiko. Huenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kwa nini msichana wa gredi ya tano hakosi kukosa siku za soko. Kazi hiyo haina bandeji ya kufunguliwa wala picha ya gazetini, na nadhani ndiyo sababu wafadhili huichangia kwa mkono mzito. Hilo ni wazo langu, na msomaji anayejua zaidi anisahihishe.

Mjomba sasa yuko katika kibanda chake cha mabati kando ya barabara ya mashamba ya mpunga. Matairi yaliyotoboka ndiyo kazi yake kubwa. Huzungusha mpira wa ndani polepole karibu na shavu lake hadi ausikie upepo, na hapo hapo huweka kidole. Vijana wenye macho hutumia karai la maji na humaliza nyuma yake. Mnyororo huurekebisha, breki hukaza, lakini gurudumu lililopinda humwachia jirani, na ada wanagawana. Hana wateja wengi kama zamani, kwa sababu pikipiki zimejaa na pia kwa sababu wapo ambao hawataki baiskeli yao ishikwe na kipofu. Hao huwasikia wakipita. Anawajua kwa kengele zao. Mjukuu wake naye hakosi shule, ingawa mwanzoni alilia aliponyang'anywa kazi ya fimbo, kwani alikuwa akipewa mandazi njiani.

Mwezi uliopita nilimpelekea gundi na viraka kutoka Nairobi. Tuliketi kibandani, akawa anasugua mpira kwa msasa huku tukizungumza habari za nyumbani. Mama alikwisha kupimwa. Presha ya jicho lake moja iko juu kidogo na anatumia matone kila jioni. Mjomba alinyamaza, akapaka gundi, akaipuliza.

"Na wewe mwanangu, ulipimwa lini?"

Nilimwambia kazi zimekuwa nyingi. Miadi niliyowekewa mwaka 2023 niliiahirisha, na ya mwaka jana nikaisahau. Alibandika kiraka, akakikandamiza kwa dole gumba muda mrefu, uso wake ukiwa umeelekea barabarani.

"Nipe simu yako," akasema. Nikampa. Akaishika kidogo, akanirudishia. "Piga hapa hapa, nikisikia."

Nikapiga. Ni Alhamisi wiki hii, saa nne asubuhi.