Mafunzo ya JKT yawafikie na wa kidato cha nne



Sisi wakazi wa Pasiansi, hapa Ilemela, tumezoea kuona vijana wakifundwa kijeshi, maana chuo cha wanyamapori kilichopo mtaani kwetu huandaa askari wa jeshi usu. Hivyo mwanangu alipomaliza kidato cha sita na kupangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Rwamkoma, mkoani Mara, sikuwa na hofu.

Alirudi amekonda na jua limemchoma. Lakini kesho yake aliamka kabla hakujapambazuka, akatandika kitanda, shuka likanyooka kama karatasi, kisha akachukua jembe na kwenda kwenye mihogo ya bibi yake bila kutumwa na mtu. Mwenyewe anasema kwata peke yake haikumbadilisha. Kilichomjenga ni kukaa foleni moja ya ugali na maharage na vijana wa mikoa asiyowahi kufika, na kujua kwamba mmoja akizembea, kombania nzima inaumia. Hilo halifundishwi ubaoni.

JKT ilianzishwa 1963. Mafunzo ya lazima yakasitishwa 1994, yakarejeshwa 2013, lakini kwa wahitimu wa kidato cha sita. Wanaoishia kidato cha nne wakikosa nafasi za kujitolea, wanabaki vijiweni.

Naiomba Wizara ya Elimu ishirikiane na JKT, wakufunzi wastaafu waende sekondari zetu kufundisha gwaride, kilimo na uzalendo. Waende bila fimbo. Sisi wazazi wa Ilemela tuko tayari kuchangia majembe na mbegu.

Mzazi,
Pasiansi, Mwanza