Bahari Inaanzia Shambani Kwetu

Somo: Ezekieli 34:17-19, Ayubu 12:7-8

Wakati wa masika, ukipanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto, ukifika Soni penye maporomoko utaona maji yanashuka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Abiria hutoa simu wakapiga picha, gari likaendelea na safari. Ni wachache wanaojiuliza rangi ile imetoka wapi na inakwenda wapi.

Imetoka mashambani kwetu. Ni udongo wa miteremko ya kabichi, viazi na karoti, ule unaolisha familia zetu na kupakiwa kwenye malori ya Tanga na Dar es Salaam. Nako unakokwenda kunajulikana. Maji ya Soni huingia mto Mkomazi, Mkomazi huingia Pangani, na Pangani humwaga katika Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini, mto Umba hushuka kutoka Shagayu hadi Vanga, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Upande wa mashariki, Zigi hutoka misitu ya Amani, hunywesha jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani, kisha nao huelekea baharini. Sisi wa milimani husema bahari ni habari ya watu wa pwani. Mito yetu haijui mpaka huo.

Nabii Ezekieli alipewa neno gumu kwa kondoo wenyewe, si kwa wachungaji peke yao. Mungu anawauliza kondoo wenye nguvu: je, haikuwatosha kula malisho mema, hata mkayakanyaga yaliyobaki? Haikuwatosha kunywa maji safi, hata mkayavuruga kwa miguu yenu, na wenzenu wakabaki na hayo mliyoyavuruga? Tuangalie vizuri kosa lao. Hawalaumiwi kwa kula wala kwa kunywa, maana Mungu ndiye aliyewapa. Kosa lao ni kwamba walipokwisha kushiba hawakumkumbuka aliye nyuma yao. Na katika habari ya maji, aliye nyuma ni yule anayekaa chini ya mto.

Maji ya matope yanawafanya nini wa chini? Hapa tunahitaji mwalimu wa sayansi akae karibu na mhubiri. Matumbawe, ambayo wengi tunayadhania kuwa mawe, ni viumbe hai. Ni wanyama wadogo sana wanaojenga makao ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakijaa matope mwanga haupenyi, na chakula kinapungua. Matope yakitua, yanaweza kumfunika mnyama yule mpaka akafa. Majani yaotayo chini ya bahari nayo yanahitaji mwanga uleule. Na humo kwenye matumbawe na majani ndimo samaki wengi wanamokulia na kujificha. Makao yakifa, samaki hupungua, na mvuvi wa Pangani hurudi na kapu jepesi.

Si udongo wote unaofika baharini. Mwingine hubaki mabondeni na kwenye mabwawa, na mwingine hunaswa na mizizi ya mikoko kwenye milango ya mito. Mikoko ni chujio aliloliweka Mungu mwenyewe. Lakini hata chujio la jikoni, ukilijaza kupita kiasi, halichuji tena. Pamoja na udongo hushuka mbolea na dawa tulizopulizia mboga, na chupa za plastiki tulizotupa mtaroni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado zinasafiri na mvua.

Tusiseme kwamba mabaya yote ya bahari yanatoka mlimani. Pwani ya Tanga imeumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na waliolipua matumbawe walikuwa watu wa huko huko. Ni rahisi kwetu kukaa Lushoto na kuwanyooshea kidole. Lakini Bwana wetu alitufundisha kushughulikia kwanza boriti iliyo katika jicho letu. Baruti hupiga kelele ikasikika. Udongo wetu hushuka kimyakimya, na hakuna polisi anayeukamata.

Basi tutumie amri kali? Milima hii imekwisha kujaribiwa kwa amri. Kuanzia mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na wakulima wakalazimishwa kutengeneza matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana, na watu hawakushirikishwa. Waliipinga, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, lakini kweli iliyoletwa kwa fimbo ilikataliwa pamoja na fimbo yake. Miaka ya 1980 ulikuja mpango mwingine, ukawafundisha wakulima kupanda guatemala na majani ya tembo kwa kufuata kontua. Mkulima aliona kwa macho yake: majani yanazuia udongo, na yeye anayakata kulisha ng'ombe. Wengi walipanda, na leo bado utayaona mashambani. Aliyeelewa hahitaji kusimamiwa.

Ndiyo maana naamini kwamba elimu ya sayansi juu ya bahari ni kazi ya kanisa pia, hata huku juu mawinguni. Ayubu alisema tuwaulize wanyama nao watatufundisha, na akawataja samaki wa baharini kwamba watatupasha habari. Kuwauliza samaki ndiyo kazi ya sayansi. Mwanasayansi mnyenyekevu hamnyang'anyi Mungu utukufu. Anakaa kimya mbele ya kazi ya Mungu na kusikiliza.

Na samaki wetu wana mengi ya kusema. Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, alipatikana samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani tangu mamilioni ya miaka iliyopita. Ni silikanti. Baadaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika majarife yao, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Samaki ambaye mataifa yanamwona wa ajabu anaishi mkoani kwetu. Ni watoto wangapi wa Lushoto, Bumbuli na Mlalo wanaolijua jina lake?

Mtoto wetu darasani hufundishwa mmomonyoko wa udongo katika somo moja, mimea na mwanga wa jua katika lingine, na bahari katika ramani. Mara nyingi hakuna anayemuunganishia vipande hivyo. Kanisa linaweza kusaidia. Wamisionari wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891, injili na shule vilikua pamoja. Isitoshe, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ina makao yake hapa Lushoto, na sharika zake ziko milimani na pwani. Wakatoliki na Waanglikana nao wana dayosisi zinazounganisha juu na chini. Sisi tunaokula meza moja ya Bwana tumekaa kwenye ncha mbili za mto mmoja. Na jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi pwani, ni jirani kamili kwa kipimo cha Msamaria mwema.

Tuanze na jambo dogo. Mwalimu wa shule ya Jumapili au wa kipaimara achukue masanduku mawili ya mbao. Moja alijaze udongo mtupu, la pili udongo wenye nyasi zilizoota. Ayainamishe, amwagilie maji sawasawa, na akinge yanayotoka katika chupa mbili zinazoona ndani. Watoto waziangalie. Kisha awaulize: kama wewe ungekuwa samaki, ungependa kuishi katika chupa ipi? Somo hilo halina gharama, na mtoto atalikumbuka mpaka uzeeni. Sharika za juu na za pwani zitembeleane. Vijana wa Lushoto wapelekwe waone mikoko ya Pangani maji yakikupwa, na vijana wa pwani waje waone mito inakozaliwa.

Lakini elimu ikiishia kwenye chupa haitoshi, maana kuna gharama. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Kila mtu wa Lushoto anajua kwamba bonde la kando ya mto ndilo linalotoa mboga wakati wa kiangazi, na mboga hizo ndizo ada za shule. Mhubiri akimwambia mama mjane aliache bonde lake, kisha akaenda zake, amemvurugia naye maji. Mzigo huu tuubebe pamoja: usharika usaidie miche ya miti na ya matunda, wenye mashamba makubwa watangulie kuacha ukanda wa majani, na mashamba ya kanisa yawe ya kwanza. Kondoo walioulizwa na Ezekieli ni wale wenye nguvu.

Kwenye sikukuu ya mavuno tunaleta kabichi, ndizi na maboga madhabahuni, na tunafanya vema. Mwaka huu tujiulize pia kama udongo uliozaa sadaka ile bado upo shambani. Maana Ezekieli huyohuyo, katika sura ya 47, aliona maji yakitoka chini ya kizingiti cha nyumba ya Mungu, yakashuka, yakazidi kina, mpaka yakaingia baharini. Bahari ikaponywa, samaki wakawa wengi, na wavuvi wakasimama pwani na nyavu zao. Hayo ndiyo maji yanayostahili kushuka kutoka penye nyumba ya Bwana.

Nyumba za Bwana ziko nyingi katika milima yetu. Bwana atujalie hekima ya kujifunza na moyo wa kuwakumbuka walio chini ya mto. Amina.