Techno ya Kitini na Akili Yake

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha juu ya santuri iitwayo "Artificial Intelligence", yaani akili ya kuundwa, iliyotolewa mwaka 1992 na kampuni ya Warp ya mjini Sheffield, Uingereza. Lugha yake ilikuwa safi, na alihitimisha hivi: techno ya kawaida ni ya miguu, bali hii ya kusikilizwa nyumbani ni ya wenye akili. Nami, kwa kupendezwa na mizani ya sentensi ile, nikaitia alama ya "vyema sana". Wenzangu wawili walioisoma wakaisifu pia. Leo naandika kuipinga alama yangu mwenyewe, pamoja na wote wanaofundisha hivyo.

Santuri yenyewe sina ugomvi nayo. Ni mkusanyiko wa kazi za vijana waliotunga kwa mashine: Autechre, Speedy J wa Rotterdam, Richard James aliyejiita humo The Dice Man, na wengineo. Milio midogo midogo ya Autechre katika "Crystel" nani angeisikia barabara ukumbini, penye kelele na jasho? Chumba kimya kinaifaa. Steve Beckett na Rob Mitchell, waliokuwa wakiiongoza Warp, walitambua kwamba kijana akirudi nyumbani alfajiri kutoka dansini bado anataka kitu cha kusikiliza. Hiyo ni busara, wala hapana wa kuwalaumu.

Kosa limo katika neno "akili" lilivyotumiwa baadaye. Jaladani neno hilo lilikuwa na mzaha ndani yake: roboti ameegemea kitini akivuta sigara, na sakafuni yametupwa majalada ya santuri za Kraftwerk na Pink Floyd. Lakini tangu mwaka 1993 likaanza kuenea jina la "muziki wa dansi wenye akili", na mzaha ukageuka cheo. Asemaye hivyo amekwisha kusema, hata kama hakutamka, kwamba dansi nyingine haina akili. Richard James mwenyewe aliwahi kulikejeli jina hilo kwa sababu iyo hiyo.

Na dansi hiyo nyingine ni ya nani? Ni ya vijana Weusi wa Detroit, Marekani: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja Belleville, nje kidogo ya mji huo. Katika kulichagua neno techno, Atkins aliongozwa na kitabu cha Alvin Toffler, "The Third Wave", cha mwaka 1980. Kijana asomaye kitabu juu ya mustakabali wa viwanda, huku viwanda vya magari vya mji wake vikifungwa mbele ya macho yake, kisha akatunga muziki kwa mashine, huyo ndiye mtu wa miguu? Tena, usiku walikuwa wakitega sikio redioni kwa mtangazaji aliyejiita Electrifying Mojo, aliyewachanganyia Kraftwerk, Parliament na Prince bila kujali mipaka. Wamesimulia wenyewe jinsi walivyozima taa wakasikiliza kwa makini. Walisikilizia wapi? Nyumbani! Basi kiti hakikuvumbuliwa Sheffield. "Strings of Life" ya May, ya mwaka 1987, haina hata mstari wa besi, na kumbi za Uingereza zilirukaruka nayo.

Walimu wenzangu, sisi ndio tuliopaswa kulitambua kosa hili upesi kuliko wote. Ngoma kwetu ni chombo, ni uchezaji, na ni hafla nzima. Neno moja labeba yote matatu bila kulemewa. Mashairi ya gungu yanayonasibishwa na Fumo Liyongo twayafundisha kama kilele cha ufundi wa lugha, ilhali gungu ni ngoma, na palikuwa na watu waliokuwa wakiicheza. Hao hatuwataji. Tumeyaketisha mashairi yale, kisha twashangaa mwanafunzi akidhani kwamba kuketi ndiko kuwa na akili.

Najua nitaulizwa: je, hapana dansi mbovu? Ipo tele. Na muziki mbovu wa kitini upo vilevile, ulioiga santuri hii mpaka ukachosha. Kila mmoja na uhukumiwe kwa ubovu wake.

Insha nimeirudisha. Alama nimeifuta, na pembeni nimeandika: "Sikiliza 'Strings of Life' mara mbili, kwanza umeketi, kisha umesimama, halafu eleza ulichokisikia." Amenijibu kwamba kwao hawezi kucheza usiku, maana wadogo zake hulala chumba hicho hicho. Nimempa ufunguo wa darasa kwa saa za jioni.