Lugha mpya za kompyuta: Mnunuzi aulize vipuri kwanza

SOKO la lugha za programu za kompyuta halijui kiangazi. Kila mara mzigo mpya hushushwa, sifa hupigwa, na watunzi wa programu huukimbilia kabla katoni za mwaka uliopita hazijafunguliwa zote. Kampuni ya TIOBE ya Uholanzi hutoa kila mwezi orodha ya lugha zinazovuma, na wapo wanaoifuatilia kama wakulima wanavyofuatilia bei ya kahawa mnadani. Oktoba 2021 Python ilishika nafasi ya kwanza kwa mara ya kwanza, ikiziondoa C na Java zilizokuwa zikipokezana kiti hicho kwa karibu miaka 20. Wengi walioichangamkia kama bidhaa mpya hawakutazama tarehe iliyo kwenye katoni. Python ilitolewa mwaka 1991, miaka minne kabla ya Java.

Orodha ya namna hiyo huonyesha lugha inavyotafutwa na kutajwa. Haionyeshi lugha itamgharimu kiasi gani mwenye biashara baada ya miaka mitano, na hapo ndipo penye mvutano.

Kwa upande wa mtunzi wa programu, hofu ya kubaki na mzigo uliododa si ya kupuuzwa. Waliowekeza ujuzi wao wote katika ActionScript, lugha ya Flash, waliona soko likifungwa mbele ya macho yao pale Adobe ilipoacha kuihudumia Flash Desemba 31, 2020. Waliokuwa wakitunga programu za simu za Apple kwa Objective-C walitangaziwa Swift Juni 2014. Wa Android nao walisikia Mei 2017 kwamba Google imeikubali rasmi Kotlin, na Mei 2019 wakaambiwa kwamba Kotlin ndiyo itakayopewa kipaumbele. Anayeishi kwa kuuza ujuzi hana budi kutazama upepo unakovuma. Hakuna wa kumlaumu kwa kujifunza.

Lawama inaanzia mahali pengine. Mara nyingi anayechagua lugha siye anayelipa bili. Fundi anayependekeza lugha mpya hupata mstari mmoja wa kupendeza kwenye maelezo yake ya kuombea kazi, na baada ya miaka miwili huenda akawa kwa mwajiri mwingine. Programu inabaki. Mwenye duka la jumla Kariakoo aliyeandikiwa hesabu za stoo kwa lugha inayojulikana na vijana watatu mjini atalijua hilo siku mtambo utakapogoma na vijana hao watatu hawapokei simu. Huyohuyo, akinunua lori, asingetoa hata senti moja kabla ya kuuliza vipuri vinapatikana wapi na mafundi wake ni akina nani. Kwenye kompyuta anaambiwa tu kwamba hii ndiyo ya kisasa, naye anatia sahihi.

Wapo watakaosema dawa ni kung'ang'ania lugha kongwe. Hilo nalo lina gharama yake. Mwanzoni mwa Aprili 2020, maombi ya malipo ya wasio na kazi yalipofurika kwa sababu ya Uviko-19, Gavana Phil Murphy wa New Jersey, Marekani, alilazimika kuomba hadharani wajitokeze watu wa kujitolea wanaoijua COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959. Wengi waliicheka lugha ya wazee. Lakini programu iliyofanya kazi kwa miongo kadhaa haikuwa imekula hasara. Mwenye mali ndiye aliyeacha akiba ya mafundi iishe bila kuwaandaa wengine. Kosa la kununua gari lisilo na vipuri na kosa la kuacha vipuri vya gari zuri viishe dukani ni la ukoo mmoja.

Pamoja na hayo, kuna lugha mpya zinazostahili bei yake, na Rust ni mojawapo. C na C++ humwachia mtunzi kazi ya kupanga na kusafisha kumbukumbu ya kompyuta kwa mkono wake, na mkono wa binadamu huteleza. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama inayozibwa kila mwaka katika bidhaa zake inatokana na makosa ya aina hiyo. Rust, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka Mei 2015, hukataa mengi ya makosa hayo kabla programu haijaanza kufanya kazi. Google ilipoanza kuandika sehemu mpya za Android kwa lugha salama, Rust ikiwemo, sehemu ya makosa ya kumbukumbu katika mianya yote ya Android ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024. La kuzingatiwa na mwenye mtaji ni kwamba Google haikubomoa ghala zima la zamani. Ya kale iliachwa iendelee, mpya ikajengwa kwa lugha mpya. Ugonjwa ulijulikana kwa jina na dawa ikapimwa.

Mfano wa kuvutia zaidi ulitoka Microsoft Machi 2025. Anders Hejlsberg alitangaza kwamba mtambo wa kutafsiri TypeScript unahamishiwa lugha ya Go, kwa matarajio ya kasi ya takriban mara kumi. Go ni bidhaa ya Google. Hejlsberg mwenyewe ndiye mbunifu mkuu wa C#, bidhaa ya Microsoft, na mashabiki wa Rust nao walikuwa na hakika kwamba zamu ni yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kifundi na ya kawaida mno: muundo wa Go unashabihiana na programu iliyokuwepo, hivyo ingeweza kuhamishwa kipande kwa kipande bila kubuniwa upya. Mfanyabiashara aliyepita kwenye duka lake mwenyewe akaenda kununua kwa jirani hakufuata orodha ya zinazovuma.

Gharama ya kuhama nayo isipunguzwe kwa maneno matamu. Python 3 ilitolewa Desemba 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa Januari 1, 2020. Ni miaka 11 ya kuhamisha mizigo ndani ya lugha yenye jina lilelile.

Basi mwenye biashara anayeletewa pendekezo la lugha mpya ana haki ya kudai kasoro ya ile ya zamani iandikwe kwa takwimu, pamoja na idadi ya mafundi wengine wanaoweza kuishika kazi hiyo mjini. Ana haki pia ya kuuliza kama programu ya zamani itaendelea kuuza wakati mpya inajengwa. Kijana akitaka kujifunza Rust jioni kwa muda wake, apewe moyo, hata ada ikiwezekana. Mafunzo hayo yasifanyiwe kwenye daftari la wadeni wa duka.